Mali ya Ninawi Ilitoka Wapi?

Swali: Nabii Nahumu anasema wafanyabiashara wa Ninawi walikuwa wengi kuliko nyota. Je, Biblia inalaani biashara?

Jibu: Hapana. Ninawi, mji mkuu wa Ashuru ng'ambo ya mto Tigris kutoka Mosul ya kale, ulikuwa mahali pazuri kwa misafara. Lakini hazina ya wafalme wake haikujazwa na soko peke yake. Sehemu kubwa ilikuwa nyara na kodi ya walioshindwa vitani.

Mmojawapo ni Mfalme Hezekia wa Yuda, mwaka 701 K.K. Kitabu cha 2 Wafalme kinasimulia kwamba alitozwa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, hata akabandua dhahabu ya milango ya hekalu. Kumbukumbu za Senakeribu, mfalme wa Ashuru aliyemtoza, zinataja dhahabu hiyohiyo, 30, ila fedha imepanda hadi 800. Wafalme nao hujisifu! Kwenye kuta za jumba lake alichongesha kutekwa kwa Lakishi, mji wa Yuda: familia zikihamishwa, watoto wamepakizwa juu ya mizigo ya mkokoteni.

Ndiyo maana Nahumu anafungua sura ya 3 kwa damu na uongo, kisha ndipo anawafikia wachuuzi. Mwaka 612 K.K. Wababeli na Wamedi waliuteka mji, wakaondoka na nyara tele.