Laptopu kuukuu inaweza kuwa kabati la rekodi za duka lako

Ukipoteza simu leo jioni kwenye matatu, kesho utaenda na kitambulisho, laini yako itarudishwa, na salio utalikuta vile uliliacha. Kisichorudi ni zile SMS. Ujumbe wa mteja aliyelipa nusu ya bei ya godoro mwezi wa tatu, picha ya risiti ya mzigo, orodha ya wanachama waliochanga na wale wa "nitatuma kesho". Vyote vilikuwa kwenye simu, na simu imeenda.

Stetimenti tunaweza kukupa. Lakini stetimenti inasema nani alituma, lini na kiasi gani. Haisemi pesa ilikuwa ya nini. Mzozo ukizuka baada ya miezi minane, kinachokuokoa ni maelezo uliyoyaweka wewe mwenyewe. Na usisahau mtu wa ushuru: Sheria ya Taratibu za Ushuru inataka mfanyabiashara atunze rekodi zake kwa miaka 5. Simu ngapi zako zimedumu miaka mitano?

Kwa hivyo leo tunaacha kidogo habari za kutuma na kupokea, tukufundishe kugeuza laptopu ya zamani kuwa seva ya nyumbani. Seva ni neno kubwa kwa kitu cha kawaida: kompyuta inayokaa ikiwaka pahali pamoja, ikitunza faili, na simu au kompyuta zingine za nyumbani zinaingia humo kuchukua au kuweka kitu. Tutatumia Linux, mfumo wa bure ambao hauhitaji mashine yenye nguvu. Tenga Jumamosi moja.

Mashine gani?

Laptopu ni bora kuliko kompyuta ya mezani kwa sababu moja kubwa: ina betri. Stima ikipotea, seva yako haizimi papo hapo na kuharibu faili zilizokuwa zikiandikwa. Hata betri iliyochoka, ya dakika ishirini tu, inasaidia. Lakini igeuze uangalie chini. Ukiona betri imefura au kifuniko kimenyanyuka, itoe na usiitumie tena, hiyo inaweza kushika moto.

RAM ya GB 2 inatosha kwa kazi hii. Hakikisha prosesa ni ya biti 64, kwa sababu Debian 13, toleo la Linux tutakalotumia, lililotoka Agosti 2025, halina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Kuhusu stima, laptopu inayokula wati 15 mchana na usiku inamaliza karibu uniti 11 za tokeni kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayonunulia uone kama inakufaa. Ukiona ni nyingi, iwashe jioni tu wakati wa kufunga hesabu. Hakuna sheria inayosema seva lazima ikeshe.

Kuweka Linux

Nakili kwanza chochote unachotaka kilichomo kwenye laptopu hiyo, maana diski nzima itafutwa. Kisha, kwa kompyuta nyingine, pakua Debian kutoka debian.org, faili ile inayoitwa netinst. Ni chini ya GB 1, ingawa baadaye itavuta vitu vingine mtandaoni, kwa hivyo usitegemee bando la siku. Iandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kuinakili tu kama wimbo hakutoshi. Flashi nayo itafutwa.

Chomeka flashi, washa laptopu huku ukibonyeza F12, F9, F2 au Esc kutegemea aina ya mashine, kisha chagua kuanzia kwenye flashi. Ukiweza, unganisha laptopu na rauta kwa kebo badala ya waifai. Usakinishaji utaenda haraka, na baadaye seva haitakuwa ikipotea potea.

Maswali mengi ya kisakinishi ni mepesi. Kwa nchi chagua Kenya ili saa iwe ya Nairobi. Saa ikikosea, tarehe za faili zako zitagombana na zile za stetimenti. Jina la mashine tutaliita kabati. Ukiulizwa nywila ya root, acha wazi, uendelee. Mtumiaji utakayemtengeneza ndiye atakayepewa uwezo wa kusimamia mashine kwa amri ya sudo. Hapa tumemwita duka. Mpe nywila ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana. Na tafadhali, isiwe ile PIN yako ya pesa iliyoongezewa tarakimu mbele.

Swali la diski ndilo la kufikiria. Utaona chaguo la kutumia diski nzima, na lingine la kutumia diski nzima ikiwa imefungwa kwa usimbaji. Watu wengi hupita na la kwanza kwa sababu la pili linadai nywila kila mashine inapowashwa. Sisi tunakuambia chukua la pili. Mwizi akiingia dukani hatachukua soda akaacha laptopu. Diski ikiwa haijafungwa, ataichomoa, ataiweka kwenye mashine nyingine na kusoma kila kitu bila kuulizwa neno. Kwa kuwa hii ni laptopu, kibodi na skrini viko hapo hapo, na betri inapunguza safari za kuwasha upya. Kisakinishi kitataka kuifuta diski kwanza na hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa. Iache, nenda ukauze.

Mwishoni utaulizwa programu za kuweka. Ondoa alama kwenye mazingira ya picha yote, ubaki na seva ya SSH na zana za kawaida za mfumo. Ikimaliza, chomoa flashi, washa upya, na utakaribishwa na skrini nyeusi yenye maandishi. Usishtuke. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Mipangilio ya kwanza

Ingia kama duka, kisha uandike:

sudo apt update
sudo apt upgrade
sudo apt install ufw samba rsync unattended-upgrades
sudo dpkg-reconfigure unattended-upgrades

Amri ya mwisho itakuuliza kama mashine ijiwekee masasisho ya usalama yenyewe. Jibu ndiyo, kwa sababu tunakujua: baada ya wiki mbili utakuwa umesahau kama seva ipo.

Laptopu hulala ukifunga kifuniko, na seva inayolala haina kazi. Tengeneza faili ndogo ya kuizuia:

sudo mkdir -p /etc/systemd/logind.conf.d
sudo nano /etc/systemd/logind.conf.d/kifuniko.conf

Ndani yake andika mistari miwili hii, uhifadhi, kisha uwashe mashine upya:

[Login]
HandleLidSwitch=ignore

Amri hostname -I itakuonyesha anwani ya seva ndani ya nyumba yako, tuseme 192.168.1.50. Ingia kwenye mipangilio ya rauta uifunge anwani hiyo iwe ya kabati siku zote, la sivyo itabadilika siku moja na utadhani seva imekufa. Kutoka hapo unaweza kuisimamia ukiwa kwenye kompyuta nyingine kwa kuandika ssh duka@192.168.1.50. Kama rauta yako inatumia 192.168.0 au namba nyingine, badilisha kila pahali hapa chini.

Mlango wa ndani, si wa nje

Sasa tufungue milango miwili tu, na kwa watu wa nyumbani peke yao:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 445 proto tcp
sudo ufw enable

Wa kwanza ni wa kuisimamia mashine, wa pili ni wa faili. Mtu yeyote asiye kwenye mtandao wako atakuta ukuta.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo video nyingi za mtandaoni zinapowapoteza watu. Utaambiwa uingie kwenye rauta "ufungue poti" ili uione seva hata ukiwa shambani. Usifanye hivyo. Kuna programu zinazozunguka intaneti nzima zikitafuta poti 22 zilizo wazi na kujaribu nywila, moja baada ya nyingine, bila kuchoka. Hazijui wewe ni nani na hazijali.

Na fikiria kilichomo ndani. Mtu akipata stetimenti yako hajapata pesa bado, lakini amepata kitu karibu sawa: mazungumzo. Atakupigia, "Habari ya leo, tunapiga kutoka huduma kwa wateja. Jana saa nane mchana ulipokea 3,450 kutoka kwa mteja wako, muamala una shida kidogo." Ametaja saa, kiasi, pengine hata jina. Nani asingemwamini? Dakika mbili baadaye anaomba PIN. Atawapigia wateja wako pia, maana namba zao anazo. Unapotunza majina na namba za watu wengine, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka uzilinde, hata kama biashara yako ni kibanda.

Ukihitaji kweli kuifikia seva ukiwa mbali, soma kuhusu WireGuard, inayojenga njia ya siri kati ya simu yako na nyumbani. Hiyo ni kazi ya Jumamosi nyingine.

Folda ya rekodi

Tengeneza pahali pa kuweka faili:

sudo mkdir /srv/rekodi
sudo chown duka: /srv/rekodi
sudo nano /etc/samba/smb.conf

Nenda mwisho kabisa wa faili hiyo uongeze:

[rekodi]
path = /srv/rekodi
valid users = duka
read only = no

Kisha:

sudo smbpasswd -a duka
sudo systemctl restart smbd

Kwenye Windows andika \\192.168.1.50\rekodi kwenye dirisha la faili. Kwenye simu ya Android tumia programu ya faili inayokubali SMB. Kwenye iPhone, programu ya Files ina sehemu ya kuunganisha na seva, na anwani ni smb://192.168.1.50. Weka folda ya kila mwaka na ndani yake ya kila mwezi. Humo ziingie stetimenti, picha za risiti, picha za kurasa za daftari la madeni, na faili moja ya maandishi yenye nambari ya muamala na neno moja la maelezo: godoro, nusu, anadaiwa 4,000.

Stetimenti inayokuja ikiwa imefungwa kwa nambari iache hivyo hivyo. Nambari hiyo iandike kwenye daftari la karatasi, kwa sababu SMS iliyoileta inaweza kupotea na simu. Visivyoingia kwenye seva hata siku moja ni PIN yako, picha ya kitambulisho chako, na vitambulisho vya wateja. Kabati likivunjwa, hasara iwe na mpaka.

Fundi akikusaidia kuweka haya yote, mlipe, umshukuru, kisha akiondoka andika passwd na sudo smbpasswd duka ubadilishe nywila zote mbili. Ile ya diski nayo ungeiandika wewe mwenyewe tangu mwanzo, yeye akiangalia kando.

Nakala ya pili

Diski ya laptopu ya miaka kumi itakufa siku moja. Kila mwisho wa wiki chomeka flashi, andika lsblk uone jina ililopewa, mara nyingi sdb1, kisha:

sudo mkdir -p /mnt/nakala
sudo mount /dev/sdb1 /mnt/nakala
findmnt /mnt/nakala
sudo rsync -rtv /srv/rekodi/ /mnt/nakala/
sudo umount /mnt/nakala

Usiruke findmnt. Mmoja wetu hapa ofisini aliiruka kwa miezi mitatu. Flashi ilikuwa imelegea, haikuwa imeshikana, na rsync ikawa inanakili faili kwenye folda tupu ya diski ile ile. Alikuwa na nakala mbili ndani ya kabati moja na flashi safi kabisa mfukoni. findmnt isipoandika chochote, simama hapo, flashi haijaunganishwa. Na ukiona mahali wanashauri uongeze --delete, usiongeze: ukifuta faili kimakosa kwenye seva, itafutwa na kwenye flashi pia.

Flashi hiyo haijafungwa kwa nywila, kwa hivyo isikae kwenye kaunta wala kwenye mkoba wa laptopu. Iweke pale unapoweka hati ya shamba. Mara moja kwa mwezi ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue stetimenti moja ya zamani na picha moja ya risiti, uone kama zinasomeka. Kama hazisomeki, nunua flashi mpya siku hiyo hiyo, seva ikiwa bado nzima.