Boma la Karema

Mtu akitoka Mpanda akashika njia ya magharibi mpaka Ziwa Tanganyika, atafika Karema. Hapo pana majengo ya kale ya misheni, nayo asili yake ni boma. Wageni wengi hutazama kuta, husema, "Kweli ni nene," kisha huenda zao. Lakini mahali pa kale hapamwambii neno mtu asiyeuliza. Basi natuulize.

Kwa nini wenye boma hawakujenga kando ya maji? Walijenga kando ya maji! Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianza kituo hicho mwaka 1879, naye alitumwa na chama kilichoundwa na Mfalme Leopold wa Pili huko Brussels mwaka 1876. Lakini mwaka mmoja kabla ya Cambier kufika, ziwa, ambalo lilikuwa limejaa mno, lilivunja kizuizi cha mchanga na majani katika kinywa cha mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo. Maji yakatoka kwa nguvu kwenda magharibi. Ziwa likashuka mwaka hata mwaka, na ufuko ukalikimbia boma.

Huko Marekani mambo yalidhaniwa kuwa kinyume chake. Waingereza walijenga boma Jamestown, katika Virginia, mwaka 1607, na kwa muda mrefu watu walisadiki ya kuwa mto umelimeza. Tangu mwaka 1994 wataalamu walichimba, wakaona katika udongo alama nyeusi za miti ya ukuta. Sehemu kubwa ya boma ilikuwa nchi kavu siku zote! Leo watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Huambiwa pia habari ya mwaka 1619, Waafrika walipoletwa Virginia wakauzwa.

Chama cha Leopold kilijaribu hata ndovu. Mwaka 1879 ndovu wanne wa Bara Hindi walishushwa karibu na Dar es Salaam ili wachukue mizigo mpaka ziwani. Wengine walikufa njiani, wala hapana aliyeishi sana Karema. Carter, mkuu wa safari ile, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880. Mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi.

Mwaka 1885 boma likaachiwa Mapadre Weupe. Siku zile misafara ya watumwa ilikuwa ikivuka ziwa kutoka Kongo, ikapita kwenda Tabora hata pwani. Mwaka 1889 akafika Karema mtu aliyeujua utumwa kwa mwili wake mwenyewe. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre walimkomboa katika Algeria, wakampeleka Malta kusoma uganga wa hospitali.

Karema alitibu Wabende, Wafipa, na yeyote aliyeletwa mlangoni pake. Alioa huko huko, na mwanawe Yosefu akawa padre. Wafalme wa Ulaya waligawana nchi. Wajerumani wakaja wakaondoka, Waingereza wakashika mahali pao, naye Atiman angali akifunga vidonda. Alifanya kazi hiyo Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67 tangu siku aliyofika.