Jiko la Makaa na Elektroni: Jinsi Atomi Zinavyoungana

Kila mwaka, majira ya baridi yanapofika katika sehemu za juu za Kenya, tangu mwezi wa Juni mpaka Agosti, watu wengi huingiza jiko la makaa chumbani ili wapate joto la kulalia. Kwanza huliacha nje mpaka moshi uishe na makaa yakolee. Kisha huliingiza ndani, hufunga mlango na dirisha, na hata kuziba nyufa kwa matambara. Hudhani kwamba moshi ukiisha, hatari nayo imekwisha. Mara nyingine hupambazuka na mlango haufunguliwi. Majirani wakiuvunja huwakuta waliolala humo wamekufa, bila jeraha wala dalili ya moto. Hapo maneno huwa mengi: wengine husema walitiliwa sumu katika chakula, wengine husema wamelogwa. Sumu ipo kweli, lakini haikutoka katika chakula wala kwa mchawi. Ili kuifahamu yapasa kujua kwanza jinsi vitu vinavyoungana.

Kila kitu, kiwe ni jiwe, maji au hewa, kimefanyizwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Katikati ya atomi kuna kiini, na kukizunguka kiini hicho kuna chembe ndogo zaidi ziitwazo elektroni. Elektroni ziligunduliwa mwaka 1897 na J. J. Thomson, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Hazifuati njia moja kama mwezi uzungukavyo dunia, bali zimetanda kama wingu, tabaka juu ya tabaka. Tabaka la ndani hutosha elektroni 2 tu, na atomi nyingi hutulia pale tabaka lao la nje linapopata elektroni 8. Ikiwa hazitimii, atomi hutafuta mwenzi.

Njia za kutimiza hesabu hiyo ni mbili. Ya kwanza ni kupana. Katika chumvi ya kula, atomi ya sodiamu, iliyo na elektroni 1 tu katika tabaka la nje, huitoa kwa atomi ya klorini iliyo na 7. Basi aliyetoa na aliyepokea huwa na umeme wa namna mbili tofauti, nao huvutana na kushikana.

Njia ya pili ni kushirikiana, nayo ilielezwa mwaka 1916 na Gilbert N. Lewis, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California katika Marekani. Ni kama majirani wawili walionunua plau moja: kila mmoja huihesabu kuwa yake, wala hapana awezaye kwenda nayo mbali na mwenziwe. Vivyo hivyo atomi mbili huweka jozi ya elektroni katikati yao. Viini vyote viwili huivuta jozi hiyo, na kwa sababu hiyo atomi hushikamana.

Sasa na turudi jikoni. Makaa karibu yote ni kaboni. Atomi ya kaboni ina elektroni 4 katika tabaka la nje; atomi ya oksijeni, ambayo ndiyo hewa tunayoihitaji kwa uhai, ina 6. Makaa yanapowaka penye hewa tele, kila kaboni hushirikiana na oksijeni mbili, jozi 2 kwa kila moja. Hesabu ya wote watatu hutimia 8, na katika kuungana huko nguvu nyingi hutoka. Nguvu hiyo ndiyo joto la jiko. Hewa inayozaliwa huitwa kaboni dayoksaidi, nayo ndiyo ile ile tunayoitoa tunapopumua.

Lakini ndani ya jiko, katikati ya makaa mekundu, oksijeni haitoshi. Hapo kaboni moja hupata oksijeni moja tu. Hizo mbili hushirikiana jozi 3: katika elektroni hizo 6, kaboni hutoa 2 na oksijeni hutoa 4. Hesabu hutimia kwa wote wawili, lakini kaboni hubaki na jozi moja ambayo haikushirikishwa na yeyote. Ni kama jozi ya ng'ombe isiyofungwa plau, ingojayo kazi. Hewa hii huitwa kaboni monoksaidi. Ndimi za buluu zionekanazo juu ya makaa ni hewa hiyo ikiungua kwa kupata oksijeni. Isiyoungua hutoka na kuenea chumbani. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi.

Katika damu ya mwanadamu kuna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho ndicho kinachoipa damu wekundu wake. Kila hemoglobini ina atomi 4 za chuma, na kila moja huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini. Oksijeni huungana na chuma kwa wepesi, nayo huachana nacho inapofika panapotakiwa, kama abiria anayeshuka kituoni pake. Kaboni monoksaidi sivyo ilivyo. Hukitolea chuma ile jozi yake iliyobaki, na hemoglobini huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Abiria huyu hukaa kitini asishuke, na oksijeni hukosa nafasi. Mtu huendelea kupumua, lakini ubongo na moyo hukosa oksijeni.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kulegea. Mtu aliyelala huenda asiamke kabisa. Wakiumwa na kichwa watu kadhaa wa chumba kimoja kwa wakati mmoja, na jiko limo ndani, wasingoje. Watoke nje mara moja, na asiyeweza kutembea abebwe, kisha wapelekwe hospitali upesi. Katika hewa ya kawaida, sumu hii hupungua nusu katika damu kwa muda wa saa 4 au 5 hivi. Mgonjwa akipewa oksijeni tupu, muda huo waweza kuwa kama saa 1 na nusu tu.

Kwa hiyo jiko la makaa lipikiwe nje, au mahali penye mlango na dirisha wazi. Wala asilale mtu na jiko linalowaka, hata kama moshi umekwisha na makaa yamebaki machache. Hali kadhalika injini ya motokaa au ya kufanyizia umeme isiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa kuwa nayo hutoa hewa ile ile. Baridi ya usiku hufukuzwa kwa blanketi. Kwisha kwa moshi si kwisha kwa sumu.