Kompyuta ya Kikundi Ikiamka Usiku: Iulizeni Mashine Kabla ya Kumshuku Mtu



Somo la leo ni juu ya kompyuta. Usiseme hayo ni mambo ya watu wa ofisi. Siku hizi vikundi vingi vinaweka hesabu za michango na mikopo ndani ya kompyuta iliyo nyumbani kwa katibu.

Kikundi kimoja cha akina mama wa soko la Daraja Mbili waliniita. Kila jioni katibu aliiacha kompyuta yao imelala, skrini giza. Asubuhi anaikuta iko macho, inanguruma, na tokeni za stima zimepungua. Basi maneno yakaanza. Wengine wakasema kuna mtu anaingia usiku kubadilisha hesabu. Mwingine akamtaja nyanya mmoja jirani, kwamba ni uchawi. Hapo niliogopa. Tunakumbuka Marani, mwaka 2021, akina mama wazee wanne waliuawa kwa kushukiwa tu. Nikawaambia: tuiulize mashine kwanza.

KULALA SI KUZIMA
Kompyuta iliyolala ni kama mama aliyelala na mtoto mchanga: sikio liko wazi. Inatumia stima kidogo ili kushika kazi uliyoiacha, na inangoja kuitwa. Stima ikipotea, kazi ambayo hukuihifadhi inapotea pia. Iliyozimwa kabisa haingoji mtu.

Na ikikesha, inakula. Kompyuta ya mezani ikitumia wati 100 kwa saa 10 za usiku, hiyo ni uniti 1 nzima ya stima.

NI NINI HUIAMSHA?
1. Saa ya ndani. Programu zingine, kama zile za kuifanyia kompyuta marekebisho, hujiwekea saa ya kuamka usiku.
2. Mausi na kibodi. Lori likipita na meza ikatikisika, au paka akiruka mezani, mausi ikisogea kidogo tu inatosha.
3. Waya wa mtandao. Kadi ya mtandao yaweza kuiamsha ikipata ujumbe.
4. Stima kurudi. Kompyuta zingine za mezani zimepangwa kujiwasha stima ikirudi baada ya kupotea. Hii si kuamka, ni kuwashwa upya.

JINSI YA KUIULIZA
Fanyeni asubuhi, kabla hamjaizima. Kwa kompyuta ya Windows, bonyezeni kitufe cha Start, andikeni cmd, kisha mfungue kwa ruhusa ya msimamizi. Andikeni amri hizi moja moja, mkibonyeza Enter kila mara:

powercfg /lastwake – inasema nini kiliiamsha mara ya mwisho.
powercfg /waketimers – inaonyesha saa zilizowekwa za kuiamsha.
powercfg /devicequery wake_armed – inataja vifaa vyenye ruhusa ya kuiamsha.

Amri ya kwanza wakati mwingine haitoi jibu. Msikate tamaa, endeleeni na zile mbili. Na ikitaja kitufe cha kuwashia, basi huenda kuna mkono uliobonyeza. Ulizeni kwa upole, pengine ni mtoto.

DAWA YAKE
Kama ni saa: nendeni kwa mipango ya stima ndani ya Control Panel, sehemu ya kulala, mzime ruhusa ya saa za kuamsha. Kama ni mausi au kadi ya mtandao: fungueni Device Manager, mchague kifaa hicho, na kwenye ukurasa wa stima mtoe alama inayokiruhusu kuiamsha kompyuta. Lakini acheni kibodi ibaki na ruhusa, ili mpate njia ya kuiamsha wenyewe. Kama ni stima kurudi, mwiteni fundi abadilishe mpango wa ndani wa mashine.

Dawa rahisi kuliko zote ni hii: jioni hifadhini kazi, zimeni kabisa, chomoeni waya ukutani. Huku kwetu milimani radi ni nyingi, na waya uliochomolewa unaokoa mashine pia. Na hesabu ziwe na nakala kwenye kitabu.

Wale akina mama walipata jibu kwa amri ya kwanza: ilikuwa saa ya marekebisho. Hakuna mtu aliyekuwa ameingia. Katibu aliombwa msamaha mbele ya wote, na wawili walienda kwa yule nyanya kumwomba radhi. Kosa lilisemwa hadharani, na msamaha uwe hadharani.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Ni nani katika kikundi chenu anajua kuzima kompyuta vizuri? Kwa nini wasiwe watatu?
2. Stima ikipotea usiku huu, hesabu zenu ziko wapi kwingine?
3. Kitu kikiharibika kwenu, mnaanza kutafuta sababu au kutafuta mtu?