Kompyuta shuleni: Tuanze na amana ya jina, alama na ada

Ni nadra kuhudhuria mahafali ya shule zetu za Kiislamu hapa Dar es Salaam usisikie ombi hili katika risala ya wanafunzi: mgeni rasmi atusaidie kompyuta. Mgeni rasmi huahidi, takbira zikapigwa, na mara nyingine ahadi hutimizwa, Alhamdulillah. Lakini kuna swali ambalo risala hailiulizi. Kompyuta hizo zikishafika, Jumatatu asubuhi zitafanya kazi gani?

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, si mtaalamu wa kompyuta. Hata hivyo nimepata kuona shule ambayo kompyuta zake zilifungiwa chumbani zikiwa zimefunikwa vitambaa, huku mwalimu wa taaluma akikesha na kikokotoo akitafuta wastani wa wanafunzi. Chumba kile kilikuwa kikifunguliwa wakija wageni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi ya kwanza ya kompyuta shuleni ni kulinda amana ambazo wazazi wametukabidhi, na kwamba kazi hiyo yaweza kuanza na kompyuta moja tu, iliyo ofisini.

Nchi yetu ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1965 kompyuta ilifungwa Wizara ya Fedha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hesabu zilizokuwa zikiendeshwa kwa mashine zilikuwa zimevurugika, na wenyeji wenye ujuzi wa kuisimamia walikuwa wachache. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo lilikuja kulegezwa miaka mingi baadaye. Funzo lake ni kwamba mashine ikitangulia watu na utaratibu, huzidisha vurugu iliyokuwapo.

Sasa tuzitazame amana zenyewe.

Kwanza, jina la mtoto. Majina yetu ya Kiislamu yana maandishi mengi. Chukua mfano: cheti cha kuzaliwa kinasema Abdulrahman Saleh, rejista ya darasa inasema Abdurahman Swalehe, na orodha ya mhasibu inasema Abdul Salehe. Darasani hakuna shida, kwani mwalimu anamjua. Shida huanza pale shule inaposajili watahiniwa wa Kidato cha Nne, na karani akachukua orodha iliyo karibu naye. Cheti cha mtihani kikitoka na jina lisilolingana na la kuzaliwa, kijana huyo atahangaika anapoomba chuo, mkopo, pasipoti au kazi. Atatafuta wakili wa kumwapisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na atalipia.

Dawa yake ni nyepesi. Siku mtoto anapoandikishwa, jina lake liandikwe katika kompyuta mara moja tu, herufi kwa herufi kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa. Mzazi achapiwe, asome, atie saini. Baada ya hapo orodha ya darasa, ya mitihani na ya ada zote zitolewe kwenye faili hilo hilo, asiwepo mtu wa kuandika upya kwa kukumbuka.

Pili, alama. Kwa utaratibu wa Kidato cha Nne, alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya hapo ni F. A ina pointi 1, F ina pointi 5. Huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na jumla ya pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. Darasa la wanafunzi 40 wenye masomo 9 lina alama 360 za kugeuzwa kuwa pointi, kisha kwa kila mmoja wachaguliwe saba bora. Mwalimu aliyechoka saa tano za usiku, hata awe mchamungu kiasi gani, atakosea mahali. Programu ya majedwali kama Excel hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, na mwalimu akapata nafasi ya kujiuliza swali la maana zaidi: kwa nini nusu ya darasa wameanguka katika mada ile ile?

Hata hivyo tusidanganyike kwamba kompyuta haikosei. Hufuata ilichoambiwa. Wasomaji wengi wanakumbuka matokeo ya Kidato cha Sita ya mwaka 2012 katika somo letu la Maarifa ya Uislamu. Matokeo yalitangazwa, malalamiko yakatolewa, na Baraza la Mitihani likakiri kuwapo kwa kasoro ya ukokotoaji na kuyasahihisha. Mtu akikosea kwa mkono, humkosea mwanafunzi mmoja au wawili. Kanuni ikikosewa ndani ya jedwali, wote wanaopita hapo huathirika, na karatasi hutoka safi ya kupendeza. Kwa hiyo kila muhula walimu wawili wachukue majina matano, wakokotoe kwa kalamu, walinganishe. Na shule iweke kumbukumbu zake za miaka iliyopita, maana asiye na kumbukumbu hana cha kuhoji.

Tatu, ada. Aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inahusu kuandikiana deni la muda maalumu, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Ada inayolipwa kwa awamu ni deni la namna hiyo hiyo. Mzazi analipa kidogo benki, kidogo kwa simu, kidogo mkononi. Kama kila malipo yako katika daftari lake, siku ya mtihani mtoto hurudishwa nyumbani hali baba yake ameshalipa. Aibu ile haifutiki kwa kuombwa radhi. Mhasibu aingize kila malipo siku hiyo hiyo, pamoja na namba ya stakabadhi, na mzazi apewe taarifa iliyochapwa kila muhula.

Baada ya ofisi kutengemaa ndipo twende darasani. Hapa pia kompyuta moja na projekta vyaweza kufanya mengi. Kwa somo langu, mwalimu anayeandaa mtihani hana haja ya kunakili aya kutoka popote anapozikuta, kwani kosa la irabu moja hubadili maana. Upo mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007 kwa lengo la kutoa maandishi ya Qur'an yaliyohakikiwa. Kwa walimu wa hisabati na sayansi, ipo programu ya bure iitwayo Kolibri, ambayo masomo yake hupakuliwa mara moja kisha yakatumika bila intaneti. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Lakini mwalimu aliyekuwa akisoma kitabu neno kwa neno, akipewa projekta atasoma ukutani neno kwa neno. Maandalizi ya somo bado ni kazi yake.

Lipo jambo jingine ambalo hatulizungumzi. Kompyuta nyingi mitaani na mashuleni zinaendeshwa kwa programu za wizi, tulizowekewa na fundi kwa bei ya chai. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta. Na kwa upande wa dini, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilitamka kwamba haki za uandishi na uvumbuzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Itakuwaje tumfundishe mtoto uaminifu kwa kifaa kinachoendeshwa kwa kitu cha wizi? Tena hatuna udhuru. Ipo LibreOffice, ambayo ni ya bure na inatosha kwa barua, majedwali na mitihani. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kwa hiyo njia ya halali si ngeni kwetu.

Mwisho ni ulinzi. Umeme hukatika, virusi huja na fleshi, na wezi huja na gari. Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi, nakala ya kumbukumbu itolewe kwenye diski mbili, na moja isilale shuleni. Kila mtumiaji awe na neno lake la siri, ili ijulikane nani alibadili alama na lini. Kadhalika, tuache tabia ya kurusha orodha ya wadaiwa wa ada au matokeo ya darasa zima kwenye makundi ya WhatsApp. Muislamu ameamrishwa kumsitiri mwenzake, na tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Matokeo ya mtoto yaende kwa mzazi wake.

Ndugu mzazi, katika kikao kijacho cha wazazi usiulize shule ina kompyuta ngapi. Omba uoneshwe jina la mwanao lilivyoandikwa katika faili la shule, na ulilinganishe na cheti chake cha kuzaliwa. Omba taarifa ya malipo yako iliyochapwa. Uliza nakala ya kumbukumbu ilitolewa lini mara ya mwisho, na nani anayo. Nanyi wamiliki na wakuu wa shule, kabla ya kuandika risala nyingine ya kuomba kompyuta, mchagueni karani mmoja mwaminifu, mlipieni mafunzo ya miezi michache, na mkabidhini ile moja mliyo nayo. Akiweza kuitunza hiyo, nyingine zikija zitakuta mahali pa kufanyia kazi.