Hodi Ukumbini: Vidokezo 9 kwa Malenga wa Kwenye Simu

Kundi letu la mashairi la WhatsApp lina watu wa karibu Tabata yote, Dar es Salaam: Kimanga, Segerea, Bima, Kisukuru, na wachache wa Buguruni waliofuata ndugu zao. Wamo mwalimu mstaafu, muuguzi, fundi cherehani, na vijana wawili wa bodaboda. Siasa imekatazwa humo, Simba na Yanga zimekatazwa, na makatazo hayo yanafuatwa. Kilichokaribia kulivunja kundi ni alama ya mkato. Kijana mmoja aliandika kila mshororo wake kwa mistari miwili badala ya mmoja, mzee wetu akamwambia hilo si shairi, wengine wakagawana pande, na kufikia alfajiri watu sita walikuwa wameshatoka. Iliniuma, kwa sababu waliokosana wote walikuwa wanalipenda shairi. Haya ndiyo niliyojifunza tangu usiku ule.

1. Bisha hodi.

Ukiunganishwa leo, usianze kwa kumwaga beti 15. Soma siku mbili tatu, ujue wakubwa ni kina nani na lakabu zao ni zipi, ndipo uwaamkie. Shikamoo kwa wazee, salamu ya wote kwa waliobaki. Malenga wana desturi nzuri zaidi: ubeti wa kwanza wenyewe huwa ndio hodi. Ukiandika "Naingia ukumbini, hodi nabisha wakubwa," umeshasalimia, umeshajishusha, na kwa mizani nane na nane umeonyesha kwamba unajua kuhesabu.

2. Vunja mshororo kwenye mkato.

Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16: ukwapi nane, utao nane, mkato katikati. Kwenye ukurasa wa kitabu hukaa mstari mmoja bila taabu. Simu haiwezi kuubeba. Skrini inaukata inapotaka yenyewe, "hodi nabisha" inabaki juu, "wakubwa" inaangukia chini peke yake, na kina cha mwisho hakijulikani tena kilipo. Nimewahi kusoma mashairi mazuri nikiwa nimesimama kwenye daladala la Segerea, nikayaona mabovu kwa sababu hiyo tu.

Basi vunja wewe kabla simu haijavunja. Ukwapi uukalishe mstari wake, weka mkato, utao uanze mstari unaofuata, na herufi yake ya kwanza iwe ndogo. Herufi ndogo hiyo ndiyo iliyomridhisha mzee wetu baadaye. Inamwambia msomaji kwamba mshororo bado unaendelea, kwa hiyo tarbia ya mishororo minne haigeuki kuwa ya minane machoni pake. Acha nafasi tupu baina ya ubeti na ubeti. Zipe beti namba, ili mwenye neno juu ya ubeti wa nne aseme "ubeti wa 4" bila kuunakili wote. Kibwagizo unaweza kukikoleza kwa nyota moja kila upande, mradi nyota iguse neno. Ukiacha nafasi katikati, herufi hazikolei na nyota zinabaki zimesimama kama miiba. Vina viache vilivyo. Aliyezoea anavisikia, na anayejifunza atavisikia vizuri zaidi akisoma kwa sauti.

Na tafadhali, usitume shairi kama picha. Beti juu ya picha ya maua zinapendeza, lakini mwenzetu asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi, anaambiwa "picha" na habari inaishia hapo.

3. Hesabu kwa kidole, na onyesha hesabu yako.

Mzozo mrefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo ulizuka kwa neno "mbuni." Mwenzetu alianza ukwapi hivi: "Mbuni wa haya maneno." Mmoja akahesabu mizani nane, mwingine tisa, na siku mbili zikapita watu wakirushiana namba. Ukweli ni kwamba mbuni wako wawili. Ndege ni mbu-ni, mizani mbili. Mwenye kubuni ni m-bu-ni, mizani tatu, kwa sababu m yake inasimama yenyewe kama ile ya m-tu na m-toto. Mshororo ulimzungumzia mtunzi, kwa hiyo mizani zilikuwa tisa. Mwenyewe akabadilisha, "Mbuni wa beti hizi," ukatimia nane, na hakuna aliyeaibika.

Siku mbili zile zingekuwa dakika mbili kama mtu wa kwanza angeandika namna alivyoyakata maneno badala ya kuandika "umekosea." Sasa kwetu ndiyo kanuni: anayedai mizani imezidi au imepungua aandike silabi zote kwa vistari. Maneno ya kukopa ndiyo yanayohitaji hilo zaidi. Daktari ni da-k-ta-ri, nne; labda ni la-b-da, tatu, kwa kuwa konsonanti iliyoachwa bila irabu nayo huhesabiwa. (Tabata Segerea ni mizani saba. Mwenye kutaka kuitia kwenye ukwapi aanze na "na.")

Tarakimu usitie ndani ya ubeti. Ukiandika 2025 jicho linaona alama nne, ulimi unasoma "elfu mbili ishirini na tano," mizani 12, na ukwapi wako umeshafurika. Vifupisho vya kuchati kama "cjui" na "xaxa" vinaficha silabi vivyo hivyo. Zima pia ile huduma ya simu inayosahihisha maneno yenyewe, maana haijui Kiswahili cha ushairi na itakubadilishia neno bila kukuuliza. Ukishatuma, WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri. Zitumie kulisoma shairi lako kwa sauti, mwanzo hadi mwisho.

4. Shairi hujibiwa kwa shairi.

Hiki ndicho kidokezo ninachokitilia mkazo kuliko vyote. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alilumbana na washairi wa Lamu wakati miji yao miwili ilipokuwa vitani. Vitisho, kejeli, majigambo, yote yalipita ndani ya vina. Miaka mia moja baadaye, gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa watunzi wa Tanganyika ukurasa wa kuulizana na kujibizana. Lilikuwa la kila mwezi. Mwenye kuchokozwa alisoma, akatunga, akapeleka barua posta, kisha akangoja toleo lijalo. Hasira ilipata muda wa kupoa, na mizani zikamlazimisha mtu achague neno moja kati ya mengi yaliyomjia.

Simu imetuondolea ule mwezi. Desturi ya kujibu kwa shairi bado iko mikononi mwetu. Mtu akikuchokoza kwa beti, mjibu kwa bahari ileile na, ukiweza, kwa vina vilevile. Hiyo ni heshima kwake, maana umeisoma kazi yake silabi kwa silabi. Usimjibu kwa nathari. Mimi usiku ule wa mkato nilijibu kwa nathari, saa tano usiku, mistari mitatu, nikamwita mwenzangu jina ambalo nisingethubutu kulitia kwenye ubeti. Nilimwomba radhi wiki iliyofuata kwa beti tano. Alinijibu kwa sita. Tangu hapo jibu langu lolote la malumbano hulala kwanza, na asubuhi mara nyingi nalifutia ubeti mmoja au mbili kabla ya kulituma.

Malumbano yawe juu ya hoja au utunzi. Ndoa ya mtu, kabila lake na deni lake haviingii ukumbini hata kwa fumbo, kwa sababu kundi la watu wa mtaa mmoja halikosi wa kulifumbua.

5. Kosa dogo lipeleke chemba.

Herufi iliyorukwa, kina kilichopotea kwenye ubeti wa sita, neno lililorudiwa: mwandikie mwenyewe pembeni, naye atahariri kabla wengi hawajaona. Hadharani sema yale yatakayomfaa kila mmoja. Na ukimsahihisha aliyekuzidi umri, anza na shikamoo hata huko chemba.

6. Mwenye shairi huru naye ana kiti.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na kwa wengi wetu vina na mizani ndivyo vilivyo tangu hapo: sheria. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, yaliyoandikwa kwa lugha watu wanayoizungumza. Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali kiasi kwamba Jumanne Mayoka alikiita kitabu chake Mgogoro wa Ushairi. Kwa hiyo ugomvi unaozuka kwenye simu zetu kila baada ya wiki chache una umri wa miaka 50, na waliouanza walikuwa wasomi na watunzi wa kweli, pande zote mbili.

Mimi ni mtu wa vina na nitabaki huko. Hata hivyo nimeona mambo mawili yakisaidia. La kwanza, anayetuma shairi huru aandike juu yake "shairi huru," ili wazee wasianze kuhesabu. La pili, sisi wa vina tuache neno "hiyo insha." Lisome, kisha uliza mambo yanayolihusu: kwa nini mstari umekatwa hapa, picha hii imetoka wapi, neno hili lingeondoka shairi lingepungukiwa nini?

Tukiuliza hivyo kwa uaminifu tutaona pia udhaifu wa kwetu. Kina cha -ni kimejaa kila kundi kwa sababu karibu kila neno la kutaja mahali huweza kuchukua -ni: nyumbani, sokoni, njiani, kitandani. Mtu anatunga beti kumi bila kutafuta neno hata moja. Mizani zake zote zimetimia na mkato uko mahali pake, lakini ukimaliza kusoma huna unachokikumbuka. Shairi kama hilo huwa napenda lirudishwe kwa mtunzi kwa upole, na ombi moja: jaribu tena, na kina cha kati kiwe -mba au -zo.

7. Usimsahihishe mtu wa Mombasa.

Wala wa Pemba, wala wa Lamu, kabla hujauliza. "Mato" si kosa la kuandika macho, na "ndia" ndiyo njia kwa Kimvita. Washairi wa bara wenyewe huazima maneno hayo wanapotafuta kina. Mzee wetu ana desturi nzuri: akikutana na neno la lahaja huandika, "Nifundishe hili, ndugu yangu," na mara nyingi anayejibu anatoa maneno mengine matatu ambayo hatukuwa nayo.

8. Tanzia ikiingia, kalamu chini.

Taarifa ya msiba ikishatua, shairi la mapenzi lingoje. Watu wapate kutoa pole, na namba ya kutuma rambirambi isizame chini ya beti. Kwetu tunanyamaza hadi mazishi yapite, isipokuwa kwa mashairi ya kumlilia marehemu, na hayo yanatumwa baada ya kumuuliza mfiwa. Usiweke emoji peke yake kwenye tanzia. Andika pole kwa maneno.

9. Shairi lisafiri na jina la mwenyewe.

Lakabu ni jina kamili ukumbini. Mshairi Amiri Andanenga alijulikana kama Sauti ya Kiza, na wasomaji waliomjua kwa lakabu hiyo walikuwa wanamjua kweli. Mwenzako akijiita jina alilolichagua, mwite hilo, na la kwenye kitambulisho liache alikoliweka. Unapolipeleka shairi lake kundi jingine, lakabu iende nalo, na kabla ya hapo umwombe ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa kwenye simu kama inavyomlinda mwenye kitabu.

Yalimkuta fundi wetu wa cherehani. Shairi lake la akina mama wauza samaki lilizunguka likaturudia kutoka kundi jingine, beti zote nane, na jina la mtu tusiyemjua chini yake. Hakugombana na mtu. Wazee walikuwa na dawa ya kale, ya kujitaja ndani ya ubeti wa tamati, naye ameisogeza mbele kidogo: siku hizi lakabu yake huikalisha kwenye kibwagizo, mwishoni kabisa, pale penye kina. Anayetaka kuifuta itambidi atunge upya mshororo wa mwisho wa kila ubeti.