Kasi ya Umeme Ndani ya Misuli

Kunja kiwiko kama unayeinua ndoo ya maji. Msuli unaotuna hapo juu ya mkono ni maelfu kwa maelfu ya nyuzi nyembamba, na kila uzi, kabla ya kujikaza, hupitiwa na umeme mdogo. Umeme huo huanzia pale mshipa wa fahamu unapougusa uzi, aghalabu karibu na katikati, kisha hukimbia pande zote mbili kuelekea kwenye kano. Kasi yake kwa mtu mzima mwenye afya ni takriban mita 4 kwa sekunde. Katika mishipa ya fahamu ya mkono kasi hufika mita 50 na zaidi, kwa hiyo ukisomewa jibu la kipimo, uliza kwanza: ni la mshipa au la msuli?

Njia isiyo na sindano ya kupima kasi ya msuli ni kubandika elektrodi juu ya ngozi, zimepangwa mstari mmoja kufuata nyuzi. Tuseme kati ya elektrodi mbili pana milimita 10, na wimbi lililopita chini ya elektrodi ya kwanza likafika ya pili baada ya milisekunde 2.5. Gawanya umbali kwa muda, unapata mita 4 kwa sekunde. Hesabu ni nyepesi. Kazi iko kwenye kubandika. Elektrodi zikikaa juu ya pale umeme unapoanzia, mawimbi ya pande mbili huvurugana na jibu halifai kitu. Zikikaa mshazari, kasi huonekana kubwa kuliko ilivyo. Mpimaji akipapasa mkono wako, akabandua, akabandika tena, mvumilie. Huyo anaijua kazi.

Nawe una sehemu yako. Siku ya kipimo usipake mafuta wala losheni, na usitoke kubeba mizigo, kwa sababu msuli uliochoka hupitisha umeme polepole. Baridi nayo hupunguza kasi, basi mkono ukiwa wa baridi sema upashwe joto kwanza. Kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, taja mapema, maana huenda daktari akataka kuongeza kipimo cha sindano au cha kushtua mshipa kwa umeme.

Kipimo hiki kina thamani ya pekee kwa wenye ugonjwa wa kurithi wa kupooza kwa vipindi, potasiamu inaposhuka katika damu. Mtu analala mzima, anaamka miguu haiinuki, na kesho yake anaingia kliniki akitembea, hata ndugu zake wanamshuku. Kasi ndani ya nyuzi zake inaweza kuwa ndogo hata siku ambazo hana shida. Ukiwa na dalili hizo, andika saa ulipoamka umelegea, kazi nzito uliyofanya jana yake, na kama usiku ulikula sahani kubwa ya wali au ugali. Karatasi hiyo mpe daktari kabla elektrodi hazijabandikwa.